Droni Iliyofika Nyumbani Kabla Yetu

Nyumba ya kupanga, mlango wa tatu,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla sijasema lolote, niambie kwanza mgongo wako unaendeleaje. Kwenye barua yako ya mwisho uliutaja mara mbili, na mara zote mbili ukakimbilia jambo lingine. Nakujua. Ukiandika "unauma kidogo" mimi nasoma "unauma sana". Na macho je? Wanakupa kinyago kizima cha kuchomelea vyuma, au bado unatumia kile chenye ufa? Usinijibu kwa mzaha. Nijibu kama unavyomjibu daktari.

Sisi huku hatujambo, kila mtu kwa kadiri ya umri wake. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Shangazi anawasha redio asikilize habari, habari zikianza yeye amekwisha lala, zikiisha anaamka na kutueleza zilivyokuwa. Mwanangu uliyemwacha hajajua hata kukaa, sasa yuko darasa la kwanza na amepoteza meno mawili ya mbele. Anakuita "mjomba wa kwenye simu". Juzi aliniuliza kama una miguu. Nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikasimama huko kidogo.

Umeniuliza mara tatu kuhusu nyumba yetu ya kule juu kilimani, na mara tatu nimekujibu "bado tunaangalia". Simu hukatika kila nikifika penye jambo lenyewe. Wakati mwingine, nikiri, huwa naikata mimi. Barua haina mahali pa kubonyeza, ndiyo maana nimekaa hapa mezani tangu mchana.

Acha nianze kwa mpangilio, kwa sababu wewe mambo haya uliyapata vipande vipande. Mama tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, kama alivyotaka. Ulikuwapo kwa sauti, kwenye simu niliyoishika mimi, na chaji ikaisha kabla udongo haujaanza kuingia. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa.

Miezi saba baadaye zikaja zile mvua, na kilima kikapasuka. Hakikuporomoka chote. Kilifunguka ufa mrefu juu ya nyumba zetu, ambao ungeweza kutia mguu na usiguse chini. Kaya arobaini tuliteremshwa siku moja, kila mmoja na alichoweza kubeba. Baba alibeba mwiko wake wa uashi, pima maji, na kiti cha Mama. Tangu hapo kuna kamba chini ya kilima na mlinzi wa kuilinda, na hakuna anayeruhusiwa kupita, hata wa kwenda kung'oa nyasi kaburini.

Mwaka na nusu sasa. Kila asubuhi Baba akitoka chumbani hunisalimia kwa swali moja: "Kilima kimelala?" Anakiulizia kama mtu anavyomuulizia mtoto aliyesumbua usiku kucha. Nami nilikuwa namjibu, "Sijui, Baba."

Mwezi wa sita ofisi yetu ya upimaji ardhi ikapewa kazi ya kujua. Wakubwa wa wilaya walitaka kilima kipimwe kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mitatu, ndipo waamue kama watu watarudi au hawatarudi. Na kwa kuwa hakuna mguu unaoruhusiwa kukanyaga kule, ilibidi kipimwe kutoka juu. Mkuu wetu wa ofisi, yule mama niliyekuambia hacheki kabla ya saa nne asubuhi, akaniita akaniambia, "Droni chagua wewe. Wewe ndiye unayekijua kilima."

Mdogo wangu, mimi nimezoea kupima ardhi kwa miguu. Kuhusu droni nilijua kile tu ambacho kila mtu anakijua, kwamba zinapiga picha za harusi. Ikabidi nijifunze ukubwani. Nilimchukua fundi mitambo wa ofisini, kijana wa watu anayeitwa Betri kwa sababu kila kitu duniani anakiulizia betri yake, tukaanza kuzunguka.

Nikueleze tulichokuwa tunakitafuta, maana wewe ni mtu wa vyuma, utaelewa. Ukitaka kujua kama kilima kinatembea, lazima ukipige picha leo, kisha ukipige tena baada ya wiki mbili ukiwa angani mahali palepale, kwa urefu uleule, ndipo picha hii uilaze juu ya ile uone kipi kimesogea. Mkono wa mtu hauwezi. Kwa hiyo droni yenyewe inapewa pointi za GPS kabla haijapaa. Unaiambia: nenda pointi ya kwanza, piga picha, nenda ya pili, mpaka ya sitini na nne, kisha urudi. Halafu unakaa pembeni na mikono yako mfukoni. Shida ni kwamba nusu ya kilima chetu iko upande wa nyuma, na ikishapita mgongo wa kilima, rimoti haiioni tena. Inabaki peke yake.

Muuzaji wa kwanza alituonyesha droni ndogo ya kijivu inayojikunja kama mwavuli. Kamera yake, usiseme. Alituhesabia majani ya mti uliokuwa mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Akaniambia, "Dada, hii hata mtoto anairusha."

Nikamwambia, "Mimi sitafuti ya kurushwa. Natafuta inayojirusha."

"Hata hiyo inawezekana."

Tulimwomba aje nayo chini ya kilima, akaja. Ikapokea pointi zetu vizuri, ikaenda vizuri, mpaka ilipopita mgongo wa kilima. Hapo mawasiliano yakakatika, na yenyewe ikageuza ikarudi kwetu mbio, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Muuzaji akasema tatizo ni mlima. Betri akamwambia kwamba mlima ndio tuliokuja nao.

Ya pili ilikuwa kubwa, mikono sita, inanguruma mpaka mlinzi wa kamba akatoka kwenye kibanda chake. Hii ilikuwa inazihifadhi pointi kichwani mwake, haitegemei rimoti. Nilifurahi. Lakini ule upepo wa saa tano, unaukumbuka, ule uliokuwa ukianua nguo za Mama kabla yake mwenyewe, uliifanya ihangaike, na betri ikaisha dakika ya kumi na tatu. Tena ilitua mita tatu kutoka ilipopaa. Muuzaji akasema mita tatu si kitu. Kwa harusi si kitu kweli. Kwa kilima kinachotambaa kwa sentimita, mita tatu ni uongo mtupu.

Nilichoka. Mkuu alianza kuniuliza kila siku, kabla ya saa nne.

Ya tatu hatukuonyeshwa na muuzaji yeyote. Betri aliisikia kwa watu wa misitu, walikuwa wanaiuza kwa kuwa wamepata mpya. Nyeupe, imepauka, mguu mmoja umefungwa kwa utepe wa gundi, na ubavuni mtu ameandika kwa kalamu "usinidharau". Nikaidharau. Lakini yule mama wa misitu aliyekuwa akiitumia alinikalisha akanieleza taratibu, bila kunisifia kitu. Inabeba pointi zake yenyewe. Ikikosa rimoti inaendelea na kazi. Inapanda na kilima na kushuka nacho, haibaki usawa mmoja tu ikagonga mgongo. Na ina mwenzake wa ardhini, mtambo mdogo juu ya miguu mitatu, unaoirekebisha GPS mpaka kosa linabaki sentimita mbili.

Nikamuuliza, "Ubaya wake nini?"

Akasema, "Itakutisha. Ikienda nyuma ya mlima huisikii wala huioni. Mimi nimeipeleka mara mia mbili na bado kila mara nilikuwa nasali."

Chema chajiuza, mdogo wangu. Nikaichagua hiyo.

Siku ya kwanza tuliirusha asubuhi, kabla upepo haujaanza. Nilizipanga zile pointi mwenyewe, na moja niliiweka juu ya nyumba yetu, na nyingine juu ya Mama. Sikumwambia Betri. Zilikuwa ndani ya mstari wa kazi, sikuiba kitu, lakini nilizibonyeza nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Ikapaa, ikafuata mstari wake, ikapita mgongo wa kilima, ikatoweka. Kwenye kioo cha rimoti yakabaki maneno mekundu: hakuna mawasiliano. Tulijua yatakuja, na bado yalipokuja wote tuligeuka kutazama mgongo wa kilima. Kwa hesabu yetu ilipaswa kurudi baada ya dakika kumi na moja. Dakika ya kumi na moja ikafika, ikapita. Betri akavua kofia. Mlinzi wa kamba akasema kwa sauti ya chini, kama aliye msibani, "Poleni." Dakika ya kumi na mbili. Nikawa sifikirii tena habari ya ofisi. Nilikuwa nafikiria kwamba imekwenda kwa Mama na imeamua kubaki, na kwamba nami ningekuwa yeye ningebaki.

Dakika ya kumi na tatu tukasikia mlio kama wa nyuki mmoja. Ikaibuka juu ya mgongo wa kilima, ikashuka, ikatua kwenye kibao chake. Kumbe upepo wa kule nyuma ulikuwa umeipunguza mwendo. Betri aliishika betri yake, ikamuunguza vidole, akacheka peke yake.

Nilizifungua picha ofisini mlango ukiwa umefungwa. Nyumba ipo, mdogo wangu. Mipapai miwili imekufa, wa tatu umezaa. Kamba ya nguo bado imefungwa, na kuna kitambaa kimoja tulichokiacha, kimekuwa cheupe, sikumbuki kilikuwa rangi gani. Na kaburi lipo. Nyasi zimelifunika miguuni, kichwani pako wazi. Nililiangalia mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Tukarudia baada ya wiki mbili, na tena, na tena. Safari ya nne nikazilaza picha moja juu ya nyingine, na hapo nikalipata jibu la swali la Baba la kila asubuhi. Kilima hakijalala. Sehemu ya juu ya kiwanja chetu imesogea sentimita thelathini, ya chini hamsini na tano. Nyumba imekaa katikati ya hizo mbili.

Sikumwambia. Alipouliza nilimjibu kwamba picha hazijakamilika. Nilimwambia hivyo wiki mbili nzima, kila asubuhi, nikiwa namtazama kidevuni. Wewe ulipopiga nawe nikakujibu vilevile. Nilikuwa na hofu kwamba Baba anaamka kwa ajili ya lile swali, na nikilijibu hatakuwa na la kumwamsha.

Jumamosi moja mchana nilisikia fimbo kwenye ngazi za ofisi. Ngazi ishirini na sita, na goti lile. Alikuja peke yake. Akamsalimia Mkuu, na Mkuu akainuka akampa kiti chake mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Nimekuja kuiona nyumba yangu," akasema.

Nikamwambia, "Baba, kazi haijaisha."

"Kazi yako haijaisha. Nyumba yangu iliisha zamani, niliijenga mimi. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaniambia niikuze picha, nikaikuza. Akaufuata mstari wa juu wa paa kwa kidole kidogo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia tena.

"Paa limekata kiuno," akasema. "Bati halipindi hivi bila ukuta kuondoka chini yake. Msingi umekatika hapa, chini ya mlango wa jikoni. Umelijua hili tangu lini?"

"Wiki mbili, Baba."

"Ukanificha."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Mimi ni mwashi, mwanangu. Nyufa sisomewi, nazisoma mwenyewe."

Hakukasirika. Ningetamani angekasirika. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, ndipo akauliza, "Na mama yenu?"

Nikaleta picha mbili, ya kwanza na ya nne. Nikamweleza kwamba kaburi limekwenda pamoja na ardhi yake, lote kwa pamoja, na pembe zote nne ziko sawa. Halina hata ufa. Akatikisa kichwa taratibu, nikaona kitu kama majivuno kinampita usoni. Akasema zege lile alilikoroga mwenyewe, hakumwachia mtu.

"Amesogea kiasi gani?"

"Sentimita arobaini na moja."

Akaiweka mikono yake juu ya meza ya Mkuu, akaiachanisha kwa kukadiria. Nilichukua futi kamba nikaipima. Arobaini na mbili. Baba akaitazama ile nafasi katikati ya mikono yake, kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, ambacho sijakisikia tangu tuteremke.

"Mama yenu," akasema, "hakuwahi kuniomba ruhusa ya kutoka."

Mkuu alikwenda dirishani akatupa mgongo. Mimi nililia, sikufichi. Baba akaniacha nilie, halafu akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nikae leo nikuandikie. Alisema, "Mtumie mdogo wako hizi picha. Hakumwona akishushwa. Basi na amwone anavyokwenda."

Mdogo wangu, miaka miwili nilidhani kunyamaza kwake juu yako ni lawama. Haikuwa lawama. Alikuwa hajui akupe nini.

Picha hizo mbili ziko ndani ya bahasha hii, katikati ya karatasi ngumu. Tafadhali zitazame mchana, kwenye mwanga, ukiwa umekaa. Kaburi ni ule mstatili wa kijivu, upande wa kulia wa jikoni. Usitafute sana ile tofauti kwa macho, hutaiona. Mimi mwenyewe siioni bila kompyuta.

Taarifa yetu ilisomwa kwenye mkutano wa wilaya wiki iliyopita. Kilima kimefungwa moja kwa moja. Tutapewa viwanja upande wa pili wa barabara kuu, kwenye ardhi tambarare. Wengi walipiga kelele, wengine waliniita msaliti mbele ya watu, wakisema ni mimi na kidudu changu cha kuruka tuliowafukuza kwao. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, jirani yetu wa zamani, aliyesimama akaniuliza kama nina uchungu wowote na kule. Baba ndiye aliyeinuka, akajikongoja mpaka mbele, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kuchukua kiwanja, wa kwanza kabisa, akarudi akaketi. Hakuhutubia. Kaya kumi na saba zilimfuata siku hiyohiyo, fundi baiskeli akiwa wa tisa. Zilizobaki zinakuja mojamoja.

Mkuu ameniruhusu kuipeleka droni kila mwisho wa mwezi, kazi iwe imeisha au haijaisha, anasema mitambo ikikaa inaharibika. Hiyo ni sababu yake. Mimi nina yangu, na nadhani anaijua.

Nimekukumbuka sana wakati wote huu. Nilipokuwa nikizichagua zile droni nilikuwa nazungumza nawe kichwani, nakuuliza: hii ungeionaje, chuma hiki kinafaa, mguu huu ungeuchomelea wapi. Betri ni mtu mwema, lakini hajui nyumba yetu ilikuwa inanukaje mvua ikianza. Hakuna mtu mwingine anayejua hilo isipokuwa wewe, na uko mbali mpaka saa zetu hazifanani. Nikila wewe umelala. Nikilala wewe unavaa buti. Makaratasi yako yakikamilika, hata kama ni kwa wiki moja, njoo. Yasipokamilika, andika.

Shangazi anakusalimu sana na anasema usioe mtu asiyependa redio. Mwanangu anakusalimu, amekuchorea droni, ina meno. Betri anakusalimu ingawa hamjuani, anauliza mashine zenu za huko zinatumia betri gani. Nisalimie yule mpishi jirani yako anayekunyoa nywele, mwambie namshukuru kwa kukufanya uonekane mtu kwenye picha ya mwisho. Mungu akulinde mikono na macho, akupe bosi mwenye haya, na akurudishe ukiwa mzima kama ulivyotoka.

Jambo la mwisho, Baba amenisimamia hapa nisilisahau. Amekwisha chimba msingi kwenye kiwanja kipya. Vyumba vitatu, na kimoja ni chako. Jana alikuwa akimwagiza seremala fremu za milango, akafika kwenye mlango wako akasimamisha kazi, akaniuliza una urefu gani. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuzaa. Akasema, "Nilimzaa, lakini aliondoka na miaka kumi na nane. Sijui alipofikia." Anasema fundi hajengi mlango kwa kukisia, na mafundi wamesimama wanasubiri. Kwa hiyo simama ukutani, mwambie yule mpishi akupime, uniandikie haraka.

Wako akupendaye bila kupungua hata siku moja,

Dada yako.